Kuchagua msumeno wa mkanda kwa karakana ya nyumbani: anza na umeme na bledi, mashine ije baadaye

Mashine tatu zimesimama ubavu kwa ubavu dukani. Zote zimeandikwa inchi 14, meza zake zinalingana, na muuzaji anakuapia kwamba ni kitu kimoja, tofauti ni rangi na bei. Mtu aliyejibana miaka miwili kupata fedha hiyo anachagua kwa macho, anapakia kwenye Canter na kwenda nayo nyumbani. Mwezi wa pili anagundua kwamba mbao zinatoka na tumbo katikati, au bledi za urefu ule hazipatikani Mbeya nzima, au mota inanguruma bila kuzunguka kila ifikapo saa moja jioni umeme unapokuwa mdogo. Mengine nimeyaona kwa wenzangu, moja limenipata mwenyewe, na ningependa lisimpate mwingine.

Ninafanyia kazi nyuma ya nyumba yangu huku Uyole, Mbeya, kwenye karakana ya mita nne kwa tano. Nitakayoeleza yanamfaa mtu wa namna hiyo: fundi wa nyumbani, umeme wa kawaida wa LUKU, mbao za kwetu. Mwenye kiwanda ana mahesabu mengine.

Kwa nini usumbuke na msumeno huu

Mbao nyingi tunazotumia kuanzia Iringa hadi Mbeya zinatoka Mafinga, Njombe na Makete: paini ya shamba la Sao Hill na ya wakulima binafsi, pamoja na milingoti. Zinapasuliwa kwa dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia magogo, na kutufikia mbili kwa sita, mbili kwa nane, moja kwa nane, moja kwa kumi. Anayetengeneza makabati, masanduku au milango ya paneli lazima azipasue tena ziwe nyembamba. Hapo ndipo msumeno wa mkanda unapolipa. Msumeno wa duara wa mezani unakula kama milimita 3 kila unapopita. Wa mkanda, ambao bledi yake ni utepe wa chuma unaozungushwa na magurudumu mawili, unakula kama milimita 1.

Chukua ubao wa mninga wenye unene wa milimita 50, utoe vipande vya milimita 8. Kwa mkanda unapata vitano, na zinabaki milimita 6 za kusawazishia uso wa ubao. Kwa duara unapata vinne, na cha tano kimekuwa vumbi sakafuni. Aliyewahi kununua mninga anajua kipande hicho cha tano kina thamani gani.

Hatua ya kwanza: pima mbao zako kabla ya kupima mashine

Andika kazi tano utakazofanya mwaka huu na mbao utakazotumia. Kwa kila ubao, andika upana wake ukiusimamisha kwa ubavu mezani, kwa sababu ubao wa kupasuliwa unasimama, haulali. Mbili kwa sita ikisimama ina milimita 150. Moja kwa nane ina milimita 200. Moja kwa kumi inafika 250.

Kipimo hiki kitaondoa mashine kadhaa kwenye orodha yako papo hapo. Zipo mashine nzuri kabisa za inchi 14 ambazo nafasi kati ya meza na kishikizo cha juu, kile kinachoongoza bledi, ni milimita 150 tu. Kwa anayechonga miguu ya viti na kukata mapindo, yaani mistari ya kupinda, zinatosha. Kwa anayetaka kupasua moja kwa nane hazifai, hata angepewa nusu bei.

Upande wa pili, usidanganyike na mashine inayojisifu kufika milimita 330 kama ubao wako mpana kuliko yote ni 200. Nafasi kubwa inaandikwa kwenye karatasi bila gharama, na nguvu ya kuitumia ndiyo inayogharimu. Mimi naona milimita 230 hadi 250 inamtosha fundi wa nyumbani wa huku. Mbao za moja kwa kumi ninazosimamisha kwa mwaka zinahesabika kwa vidole.

Namba ya inchi 14 yenyewe ni kipenyo cha gurudumu, yaani milimita 355. Ndiyo inayoamua umbali kati ya bledi na nguzo ya mashine: karibu milimita 340. Ukisikia inchi 12, 16 au 18, maana ni hiyo hiyo.

Hatua ya pili: umeme wako

Hapa ndipo nilipoumia. Nilinunua mashine iliyotumika, nzito, ya chuma safi, kwa mtu aliyekuwa anahama. Niliikagua magurudumu, nikaikagua meza, sikuinama kusoma kibati cha mota. Nilipofika nyumbani fundi umeme aliinama yeye, akasoma, akanyamaza. Ilikuwa ya njia tatu, umeme wa viwandani. Nyumba yangu ina njia moja. Ilikaa chini ya turubai miezi minane.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, soma kibati cha mota. Piga picha kwa simu. Unatafuta mambo manne.

Kwanza, volti. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Mashine zinazoletwa kutoka Marekani nyingi ni za 110 hadi 120, au zinaweza kubadilishwa kati ya 115 na 230 kwa kuhamisha nyaya ndani ya boksi la mota. Inayobadilika haina tatizo kubwa. Ya 110 peke yake inadai transfoma.

Pili, hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Wetu ni 50; Marekani ni 60. Mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikiwekwa kwenye 50 inapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita. Bledi iliyokuwa ikikimbia mita 900 kwa dakika itakimbia 750. Itakata, ila polepole, na mota yenyewe itapata joto kupita kawaida hata kama volti ni sahihi. Transfoma haiwezi kurekebisha hezi. Ukiambiwa inarekebisha, usikubali.

Tatu, njia moja au njia tatu. Ikiwa ni ya njia tatu na bei inakuvuta, soma zaidi. Kibati kinachosema 230/400 kina maana kwamba mota inaweza kuunganishwa kwa mtindo wa delta ikatumia volti 230, kwa hiyo inveta ya mota, ile mafundi umeme wanayoiita VFD, inaweza kuchukua umeme wako wa njia moja na kuiendesha. Kinachosema 400/690 hakikupi njia hiyo. Changu kilikuwa cha namna hii ya pili, na mwishowe nilibadilisha mota yote. Bei ya inveta au mota mpya iingize kwenye bei ya mashine siku ile ile unayoipigia hesabu.

Nne, ampea. Namba hii ndogo ndiyo inayofichua uongo wa HP, yaani nguvu za farasi. HP moja ni wati 746. Mota inayojiita HP 2 inatakiwa itoe karibu wati 1,500, na kwa sababu hakuna mota isiyopoteza kitu, inabidi ivute zaidi ya hapo: kwenye volti 230 ni ampea 9 hadi 10. Niliwahi kusimama mbele ya mashine mbili, stika zote mbili zimeandika HP 2 kwa wino mwekundu. Kibati cha ya kwanza kilisema ampea 9.5. Cha pili kilisema ampea 5. Zidisha 230 kwa 5 upate 1,150. Mota haiwezi kutoa nguvu inayozidi ile inayoingia, kwa hiyo ile ya pili ilikuwa HP 1, labda na kidogo juu yake. Stika inabandikwa na anayetaka kuuza. Ampea zinamhusu fundi atakayefunga waya.

Kwa paini ya milimita 150, HP 1 ya kweli inatosha kama huna haraka. Kwa mninga au mlingoti mkavu wa milimita 200, tafuta HP 1.5 hadi 2. Usipande zaidi ya hapo kwa umeme wa njia moja wa nyumbani. Mota inapoanza inavuta mara nne hadi sita ya ampea zake za kawaida, na nyumba iliyo mwisho wa laini itaona taa zinazama. Waya wa mashine hii uvutwe peke yake kutoka kwenye ubao wa fyuzi, milimita 2.5 mraba, na waya wa ardhini uwe umefika ardhini kweli. Ekstensheni ndefu nyembamba ya kuchajia simu ni njia ya haraka ya kuunguza mota nzuri.

Hatua ya tatu: bledi

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na mimi ningeiweka juu ya zote. Mashine utainunua mara moja. Bledi utanunua maisha yako yote.

Anza na urefu. Kila mashine ina urefu wake, na mashine mbili za inchi 14 zinaweza kutofautiana kwa robo mita. Urefu unaojulikana zaidi duniani kwa inchi 14 ni milimita 2375, kwa sababu unatokana na muundo wa kampuni ya Delta ya Marekani wa miaka ya 1930 ulioigwa na viwanda vingi vya Taiwan, kisha China. Mashine yenye urefu huo haiwezi kukuacha bila bledi kwa muda mrefu. Yenye urefu wa peke yake inakufunga kwa muuzaji mmoja.

Kama karatasi haisemi urefu, pima mwenyewe. Weka kirekebisho cha gurudumu la juu katikati ya safari yake, pima kutoka katikati ya gurudumu la juu hadi katikati ya la chini, zidisha kwa mbili, kisha ongeza kipenyo cha gurudumu kikizidishwa kwa 3.14. Mfano: kati hadi kati milimita 630, mara mbili ni 1,260. Gurudumu 355 mara 3.14 ni 1,115. Jumla 2,375.

Kabla ya kulipia mashine, mpigie simu anayeuza bledi, Mbeya, Iringa au Dar es Salaam, mtajie urefu huo, uulize kama ana roli ya bledi isiyokatwa na mashine ya kuungia. Kuunga ni kazi yenyewe. Wazo la msumeno wa mkanda lilikuwepo Uingereza tangu mwanzoni mwa karne ya 19, lakini mikanda ilikuwa inakatika kwenye kiungo, hadi Mfaransa Anne Pauline Crépin alipoomba hataza ya namna yake ya kuunga mwaka 1846. Hadi leo bledi mbaya inajulikana kwa kiungo. Pitisha ukucha juu yake: usisikie ngazi. Igeuze uone mgongo wake umenyooka pale kwenye kiungo, haujavunjika pembe. Kisha ikunje taratibu iwe duara la gurudumu lako. Kiungo kigumu kupita kiasi kitakataa kukunjika kama sehemu nyingine, na hapo ndipo kitakapokatika.

Unene. Kwa gurudumu la inchi 14 tafuta bledi ya milimita 0.6. Huku kwetu kuna kishawishi: viwanda vya Mafinga vyenye misumeno ya mkanda ya kupasulia magogo vina bledi chakavu nyingi, pana na za bei ya chuma chakavu, na fundi wa kuchomelea atakuambia anaweza kuzifupisha. Hizo zina unene wa karibu milimita 1. Zimetengenezwa kwa magurudumu makubwa kuliko yako. Ukizizungusha kwenye inchi 14 zinakunjwa kupita uwezo wake, zinapata nyufa ndogo kwenye mabonde ya meno, kisha zinakatika zikiwa mbioni. Usifanye.

Upana na meno: bledi ya milimita 13 yenye meno 3 kwa inchi kwa kupasua, na ya milimita 6 yenye meno 6 kwa mapindo. Ya milimita 6 inageuka kwenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi. Ya 13 inataka 64. Kwa hizo mbili utafanya karibu kila kitu. Meno machache yanamaanisha mabonde makubwa, na mabonde ndiyo yanayobeba unga wa mbao kutoka nje. Ukipasua ubao wa milimita 200 kwa meno mengi madogo, mabonde yanajaa kabla hayajafika chini, bledi inapata joto, inaanza kutangatanga, na wewe unalaumu mashine.

Hatua ya nne: sasa soma karatasi za mashine

Ukishajua upana wa ubao, nguvu ya umeme na urefu wa bledi, mashine tatu dukani zitaacha kufanana.

Ya kwanza mara nyingi ni ya muundo ule wa zamani: fremu ya chuma cha kumimina, vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti, nafasi ya milimita 150, mota ya HP 1 au pungufu. Ni tulivu, haitetemeki, vipuri vyake vinaingiliana na vya mashine nyingi za ukoo huo. Baadhi zinauziwa kipande cha kuongeza kimo kinachowekwa katikati ya fremu, kikaifikisha karibu milimita 300, na bledi ikawa ya 2667. Kumbuka tu kwamba kimo kimeongezeka na mota haijaongezeka.

Ya pili ni fremu ya bati nene lililokunjwa na kuchomelewa likawa kitu kimoja. Nafasi 250 hadi 330, HP 1.5 hadi 2, uzito kilo 110 na kuendelea. Inavumilia mkazo mkubwa wa bledi kuliko ya kwanza, na mkazo ndio unaofanya ubao utoke umenyooka.

Ya tatu inafanana na ya pili kwa kila kitu hadi uifungue mlango. Bati jepesi, kilo 70 au 80, na stika ya HP 2. Kwa mashine za gurudumu la kipimo kimoja, uzito ndiyo namba ninayoiamini kuliko zote kwenye karatasi, kwa sababu ni vigumu kuudanganya: unaweza kuinyanyua ukajua.

Kuna pia ndogo za kiwanda zinazoheshimika, kama Makita LB1200F ya inchi 12: kimo cha kukata milimita 165, wati 900, mwendo wa aina mbili. Kwa mwenye chumba kidogo na kazi za mapindo ni chaguo la heshima, ila haitakupasulia moja kwa nane.

Usishindanishe mashine kwa "inapokea bledi hadi inchi moja". Kuipokea ni kuivaa tu. Kuikaza ni jambo lingine, na fremu nyingi za inchi 14 haziwezi. Ya chuma cha kumimina ichukulie ni ya milimita 13. Ya bati nene nzuri, 19.

Hatua ya tano: dukani, kwa mikono yako

Nenda asubuhi, siku ambayo muuzaji hana msongamano. Beba rula ndefu ya chuma au bapa lililonyooka, skwea, penseli, sarafu ya shilingi 500, na kipande cha mbili kwa sita ya paini kavu. Msalimie, mweleze unanunua leo au kesho lakini ungependa kuikagua. Muuzaji mwenye mashine nzuri atakuletea kiti. Niliyemkuta Mafinga, mzee wa makamo, tulipomaliza salamu zetu za kamwene alinifungulia milango ya mashine mwenyewe na kuniambia, "Kagua mwanangu, ikikukera kwako utanirudishia mimi." Kwake ndiko nilikonunua mashine nyingine.

Mashine ikiwa haijachomekwa, fungua milango yote miwili. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono bila bledi. Lizunguke kimya, kwa muda mrefu, lisimame polepole. Kisha egemeza penseli kwenye fremu, ncha ikaribie ukingo wa gurudumu, uzungushe tena. Tazama mwanya kati ya ncha na gurudumu. Ukifunguka na kufumba waziwazi, gurudumu limepinda au halikuchongwa duara. Fanya hivyo ubavuni, kisha juu ya raba iliyovikwa gurudumu. Kosa la ubavuni linatembeza bledi mbele na nyuma. Kosa la juu linaivuta na kuilegeza kila mzunguko. Raba inabadilishwa. Gurudumu lililopinda usilinunue.

Vaa bledi ya milimita 13, kaza hadi alama ya kipimo chake. Sasa tazama springi ya kukazia. Mizunguko yake lazima bado iwe na nafasi kati yake. Ikiwa imebanana kabisa, imeshakuwa kipande cha chuma. Haipokei mshtuko tena, na mashine imefika mwisho wa uwezo wake kwa bledi hiyo. Kaa na jambo hili kwa dakika nzima, kwa sababu hapa ndipo ya pili na ya tatu zinapoachana hadharani. Mashine nzuri itafika alama ya 13 na springi bado ina pumzi. Wakati ukikaza, tazama pia gurudumu la juu: likiinama mbele kwa kuonekana, fremu inakunjika.

Ilaze rula ndefu juu ya kingo za magurudumu yote mawili. Iguse pande zote nne au ikaribie sana. Milimita moja mbili zinarekebishika kwa shimu, yaani vibati vyembamba vya kujazia. Zaidi ya hapo acha.

Kisha kishikizo cha juu, kile chenye beringi zinazoibana bledi ubavuni na moja nyuma yake. Kishushe hadi karibu na meza, sogeza beringi ziwe na mwanya wa karatasi na bledi. Kipandishe hadi juu kabisa. Tazama tena mwanya. Ukikuta upande mmoja beringi imeikandamiza bledi na upande mwingine kuna upenyo wa kupitisha kadi ya simu, nguzo yake haiendi sambamba na bledi, na kila utakapobadilisha kimo cha ubao utaanza kurekebisha upya. Ni kero itakayokufanya uichukie mashine. Mashine nyingi za bei ya chini zinaangukia hapa, na karibu hakuna mteja anayejaribu.

Meza: rula juu yake kwa ulalo, skwea dhidi ya bledi, kisha ilaze digrii 45 na kuirudisha uone kama inarudi palepale. Fensi, ule ukingo wa kuongozea ubao: ifunge, isukume kwa gumba upande wa nyuma. Isisogee.

Sasa iwashwe. Simamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza. Ikibaki imesimama mashine ikizunguka, magurudumu yako sawa na puli ziko sawa. Ikianguka, muulize kama mkanda wa mota ulikaa umekazwa muda mrefu. Mkanda uliokaa hivyo unapata umbo la yai na kutikisa kwa dakika tano za kwanza. Subiri, jaribu tena.

Mwisho, kata. Simamisha ile mbili kwa sita, toa kipande cha unene wa milimita 3, urefu wa mkono. Sukuma bila haraka. Kipande kikitoka, kipime juu, katikati na chini. Tofauti ya nusu milimita naikubali. Niliwahi kupata 3 juu, 5 katikati, 3 chini: bledi ilipinda ndani ya ubao kama upinde, kwa sababu mkazo haukutosha. Kama bledi ni mpya, na springi umeiona imebanana, jibu unalo.

Muuzaji akikataa mashine isiwashwe, nenda duka jingine.

Iliyotumika

Hatua ni zile zile, na matatu ya kuongeza. Tazama raba kama imepasuka au ina utomvu wa paini ulioganda kama lami. Utomvu unasafishwa, mpasuko hausafishwi. Tikisa gurudumu la chini mbele na nyuma. Likicheza, beringi zimekwisha, na beringi zenyewe ni rahisi mradi usome namba yake ubavuni na kuiulizia mjini kwanza. Kagua fremu ya chuma cha kumimina kama ina mstari wa kuchomelewa. Ufa uliochomelewa kwenye chuma cha kumimina mimi sinunui, hata ukionekana umetulia.

Ningechagua ipi

Kwa fundi anayepasua paini na mninga, mwenye njia moja: ya pili, fremu ya bati nene, HP 1.5 hadi 2 zilizothibitishwa kwa ampea, hata kama italazimu kusubiri miezi minne mingine. Kwa anayechonga viti, vinyago na mapindo: ya kwanza, bila kipande cha kuongeza kimo. Ya tatu ningeichukua ikiwa tu imefaulu springi na nguzo ya kishikizo. Ikitokea imefaulu, ni mashine halali kwa paini ya mbili kwa sita. Na kati ya mbili zinazolingana kabisa kwa majaribio yote, chukua yenye bledi ya 2375.

Kwenye bei, omba bledi tatu zijumuishwe badala ya kubishania punguzo dogo. Bledi inayokuja na mashine mara nyingi ni dhaifu; ihukumu mashine kwa bledi nzuri.

Kuifikisha na siku ya kwanza

Barabara ya Mafinga hadi Mbeya ina mitikisiko yake. Mashine isafiri imesimama na kufungwa kwenye fremu, au ilazwe kwa mgongo, meza ikiwa imetolewa. Wabebaji wasiishike meza wala nguzo ya kishikizo, washike fremu. Legeza bledi kabla ya safari.

Iweke kwenye sakafu ya saruji. Kama karakana bado ni ya udongo, mimina jukwaa dogo kwanza, kwa sababu mguu mmoja ukizama fremu inajinyonga. Meza ipake nta au mafuta mepesi na kuifuta. Kuanzia Novemba hadi Aprili unyevu wa huku unaweka kutu ndani ya wiki. Utomvu wa paini ufute kwenye bledi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mashine ikiwa imechomolewa. Bomba la kunyonya vumbi liwekwe, na barakoa ivaliwe, hasa kwa mninga. Vumbi lake linawasumbua watu wengi puani na kifuani.

Kila unapokata, shusha kishikizo hadi kiache upenyo wa kidole tu juu ya ubao. Vipande vya mwisho visukume kwa kijiti. Kijiti cha duara au gogo dogo usilikate bila kulilaza kwenye kitako chenye mfereji, maana bledi italizungusha na mkono utaufuata.

Jioni legeza bledi, springi na raba zipumzike, kisha tundika kikaratasi kwenye swichi kinachosema bledi imelegezwa. Kwangu kinaning'inia kwa uzi mwekundu, kwa sababu kijana wangu anawahi kuamka kuliko mimi.